Divai ya Pentekoste

Tanga, 11 Februari 2024

Mpendwa Mama Elinuru,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hamjambo huko Mlalo? Elinuru anaendeleaje na shule? Mimi mzima. Mikono haitetemeki sana, ndiyo maana leo unaweza kusoma mwandiko wangu. Simu zetu wamezichukua hadi tumalize siku tisini hapa nyumba ya nafuu, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi la huko.

Leo siku ya arobaini sijaonja pombe. Naona haya kulisema, mtu mzima kujisifu kama mtoto aliyeacha kukojoa kitandani.

Mshauri wetu, Dada Aisha, anasema mwezi wa tatu kila mwenye ndoa aje na mwenzake, wakae naye Jumamosi tatu, waseme yaliyotokea nyumbani. Anasema wanaokaa peke yao wengi wanarudia kunywa. Tafadhali njoo. Nataka niseme ile ya Pentekoste.

Mumeo,
Baba Elinuru

Mlalo, 18 Februari 2024

Baba Elinuru,

Hatujambo, pole na wewe. Baridi ipo, kabichi za bondeni zimeanza kuoza. Elinuru amekuwa wa tano darasani, anakupa shikamoo.

Ya Pentekoste? Hebu ishia hapo hapo! Umesahau ilivyokuwa? Wewe ndiye mzee wa kanisa uliyekabidhiwa divai ya meza ya Bwana uitunze nyumbani. Boha, ile pombe yako ya miwa, ilipokuishia Jumamosi, ukaifungua hiyo. Asubuhi nakukuta sakafuni na chupa tupu, kengele ya kwanza imeshalia. Ningefanyaje mimi? Nikachemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, nikatia sukari, nikajaza chupa, nikaipeleka mwenyewe na kusema una malaria. Mchungaji alionja, akakunja uso, akaendelea. Watu wakadhani ni divai ya aina nyingine.

Hapa wanajua uko Tanga unapasua mbao. Mimi ni kiongozi wa kwaya, Baba Elinuru. Wewe ukisema unapona, mimi nikisemwa nikaishi wapi? Siji.

Mkeo,
Mama Elinuru

Tanga, 3 Machi 2024

Mama Elinuru,

Natumaini hamjambo. Mimi nashukuru, hata chakula kinapita.

Usinikasirikie. Nilimwambia Dada Aisha kwamba nataka nimwandikie Mchungaji, niseme divai nilikunywa mimi na choya nilichemsha mimi. Akaniuliza, "Ulikuwa umelala sakafuni, ulichemshaje?" Jamani, niliona aibu! Hata kutubu nilitaka kutubu kwa uongo. Akasema nina haki ya kusema langu tu, lako ni lako.

Mke wangu, miaka yote hiyo umewaambia watu nina malaria. Malaria gani ya kila Jumatatu? Nikakuachia useme, nikavuta shuka. Jana wenzangu walikaa barazani na wake zao. Mimi nikapewa maharage nichambue.

Mumeo,
Baba Elinuru

Mlalo, 11 Machi 2024

Baba Elinuru,

Pole na siku. Huku tupo, mtoto mzima.

Juzi Jumamosi nilikuja Tanga. Usishtuke. Nilifika hadi getini, nikasikia mwanamke ndani analia na mwenzake anamwambia "endelea, endelea." Nikageuka. Nimerudi na basi lile lile lililonileta.

Kuna jambo hujui, kwa sababu siku ile ulikuwa umelala. Ibada ilipoisha Mchungaji alichukua chupa ile ile akampelekea Mzee Kristian, alikuwa hoi kitandani. Sisi wa kwaya tukafuata kumwimbia. Kichwa chake nilikishika mimi. Alikunywa, akatabasamu, akasema, "Leo tamu." Alhamisi akafa.

Ndiyo meza yake ya mwisho hiyo, na nilimnywesha choya. Nilijua na nikaendelea kuimba. Tangu siku hiyo sijaenda mezani hata mara moja, nawaambia kina mama nina vidonda vya tumbo. Wakati mwingine nakuchukia, halafu nakuonea huruma, halafu najichukia mwenyewe. Sasa nikae mbele ya Dada Aisha wako nisemeje?

Mkeo,
Mama Elinuru

Tanga, 14 Machi 2024

Mke wangu,

Sijui hata nikusalimie vipi. Nimesoma barua yako mara tatu, chakula cha mchana kimenishinda. Ulichemsha kwa sababu nilikunywa. Hilo silikwepi.

Sina mdomo wa kukushauri. Lako sitamwambia mtu. Dada Aisha ametupa Jumamosi moja tu, tarehe 23, kwa kuwa baada ya hapo anapokea kundi jingine. Usipokuja nitaelewa. Ila nakiri kwamba naogopa kurudi kwenye nyumba ambayo tutaendelea kudanganya, maana najijua, nitakunywa.

Mumeo,
Baba Elinuru

Mlalo, 20 Machi 2024

Baba Elinuru,

Ninakusalimu. Hapa wazima wa mwili.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bibi Modesta, mjane wa Mzee Kristian. Nilimkuta anaanika mahindi. Nikampigia shikamoo, akaniitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikamweleza yote nikiwa natazama chini: divai, choya, wewe sakafuni, mimi na mdomo wangu wa kuimba. Nilidhani atanitukana, na kweli nilitaka anitukane. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Na aliposema tamu, wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia, "Nilimwambia ashukuriwe Bwana."

Akarudi kwenye mahindi yake, akawa anayageuza kwa kiganja. Nilipoaga hakuitikia.

Kwa Mchungaji nilipitia jioni. Amesema nisiongoze kwaya kwa sasa, na siku ukirudi tutasimama wote wawili mbele ya usharika. Leo kisimani wanawake walininyamazia, kwa hiyo habari imeshafika. Elinuru ameniuliza kama ni kweli. Nimemwambia ni kweli. Mtoto akaniangalia, Baba Elinuru, sijawahi kuangaliwa vile na mtu niliyemzaa.

Sijasamehewa. Nimesema tu. Jumamosi nakuja, na mwambie Dada Aisha nitaanza mimi.

Mkeo,
Mama Elinuru