Misumari ya Shaba Kwenye Boti la Kaka Jefwa

Nyumbani Matsangoni,
Kilifi.
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Mpendwa Kaka Jefwa,

Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Janet na yule binti yetu, na kwamba baridi ya Italia bado haijaanza kukubana kifua kama mwaka jana. Kile kikohozi kilikwisha kabisa au bado unakificha? Mama hukiulizia kila wiki. Anasema kwenye simu anakusikia ukikohoa kwa kugeuza uso pembeni.

Sisi huku tu wazima wa kutembea. Mvua za vuli bado hazijatushukia, na mahindi tuliyopanda kwa pupa yamekauka yakiwa na urefu wa kiganja. Shemeji yako Everlyne anakusalimu sana. Lile shati ulilonitumia sasa analivaa yeye shambani, maana kwangu limekuwa hema, jinsi nilivyokonda.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Simu ninayo na salio ninalo. Lakini unaijua nyumba hii: simu yako ikilia, mama huletewa kiti, na sauti huwekwa ya juu ili asikie kila neno mwenyewe. Ninayotaka kukwambia leo siwezi kuyasema yeye akiwa amekaa pale. Kwa hiyo nimempa barua Hannah, binti wa jirani yetu Mwaringa, anayerudi huko kazini Jumamosi. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na ukiwa peke yako.

Kaka, boti lako limekufa.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nne, na mara tatu nikachana karatasi. Hii nimeiacha.

Unakumbuka lilivyokuja. Yule tajiri wa hoteli ya Watamu alipofunga biashara alikuachia wewe, nahodha wake, boti la alumini la kuvulia ambalo tayari lilikuwa limegonga mwamba. Ukalileta hapa kwa lori, ukalipindua karibu na mkorosho, na baada ya miezi michache ukasafiri. Kwa miaka kumi na minne kuku walitaga chini yake. Baba alikuwa akilizunguka kwa mbali akienda kuoga, hakupenda kulitazama.

Kisha baba akafariki Agosti mwaka jana, nawe hukuweza kuja. Sikukulaumu wakati ule. Lakini siku ya matanga ulizungumza na mama, simu ikiwa sauti ya juu kama kawaida, na watu wote wakakusikia ukisema: "Mama, Karisa akinimalizia lile boti, Desemba naja. Nitakuvulia samaki kwa mkono wangu mwenyewe." Wanawake walipiga vigelegele palepale matangani. Tangu siku hiyo mama hakuuliza tena utakuja lini. Aliuliza boti limefika wapi.

Nami ningekataaje? Mimi si ndiye fundi? Miaka tisa nilikaa Ngomeni kwa Mzee Zein, Mungu amrehemu, nikijifunza kuunda vyombo, na neno alilonipigia kila asubuhi ni kwamba chuma ni adui wa chombo na shaba ni ndugu yake, kwa sababu chuma huoza na shaba haiozi. Alipoona siku zake zimekaribia aliniita, akanipa kopo la misumari ya shaba aliyoing'oa kwenye vyombo vya baba yake na babu yake, akainyoosha mmoja mmoja. Kopo lile sikuligusa kwa kazi ya mteja yeyote. Nililiweka chini ya kitanda, na Everlyne alizoea kunitania kwamba ndiyo mahari yangu.

Nililifungua kwa ajili ya boti lako. Nilitaka lifungwe kwa kitu bora kuliko vyote nilivyonavyo duniani. Niking'oa ribiti iliyolegea, kile kipini kinachoshikanisha bati, mahali pake napigilia msumari wa Mzee Zein. Kwenye maungio nikakalafati mianya kwa pamba iliyolowa mafuta ya papa, kisha nikalipaka mafuta yayo hayo ndani na nje, kama nilivyofundishwa. Harufu yake ilimhamisha Everlyne, akalala chumbani kwa mama wiki mbili. Watu walikuja kutazama na kusifu, nami nilikuwa nimevimba kichwa, sikufichi.

Siku moja Menza, yule fundi wa kuchomelea wa Malindi, alipita na pikipiki yake, akasimama, akatazama kazi yangu, akasema: "Bwana Karisa, lakini hiyo si mbao." Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa naunda vyombo yeye akiwa anacheza mchangani bila suruali. Akacheka, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Desemba ilifika boti bado, na wewe hukuja. Januari tukalishusha majini pale Uyombo, wanaume kumi na wawili, na likaelea. Ulizisikia kelele zetu kwenye simu. Usichosikia ni kwamba lilikuwa linavuja kidogo kwenye maungio, na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hata leo ukinijia nikiwa nakula, nasukuma sahani.

Chombo kipya cha mbao, kaka, kikivuja hukiogopi. Unakiacha majini. Mbao hunywa maji, huvimba, na mianya hujifunga yenyewe. Nilijua bati halivimbi, sikuwa mwendawazimu kiasi hicho. Nilijiambia pamba itavimba. Basi nikatia nanga, nikaliacha linywe chumvi tangu Januari hadi mwezi wa sita. Kila nikienda kulitazama nakuta maji ndani yamezidi, nami nasema subira, linajifunga.

Tulipolivuta nchi kavu na kulirudisha hapa nyumbani, kila msumari ulikuwa umezungukwa na unga mweupe, kama unga wa muhogo uliomwagika. Nikaufuta kwa kidole, na kidole kikatokea upande wa pili. Misumari yote ilikuwa mizima, inang'aa. Boti ndilo lililoliwa.

Ilinichukua siku tano kupata uso wa kwenda Malindi kumwita Menza. Alikuja na mashine yake na hakunicheka, jambo ambalo liliniuma kuliko kuchekwa. Alinieleza kwamba shaba na alumini zikikutanishwa kwenye maji ya chumvi, shaba hubaki na mwenzake huliwa, na kwamba hata vijiti vya mkoko vingekuwa afadhali. Hata hivyo akajaribu kiraka kimoja. Mafuta ya papa yalikuwa yameingia kila ufa, yakachemka kwenye moto, kiraka kikakataa kushika, na bati la kando, lililokwisha kuwa jembamba kama karatasi, likayeyuka na kudondoka mchangani. Akazima mashine, akanipa pole, akafunga vitu vyake.

Tangu siku hiyo sijashika randa. Wametoka watu Watamu mara mbili kutaka niwaundie ngalawa, nikasema naumwa mgongo. Mgongo ni mzima. Siiamini mikono yangu tena. Nina miaka hamsini na mmoja na maisha yangu yote nimejua jambo moja tu, na jambo hilo moja ndilo lililoua mali yako. Nikiwa peke yangu humgombeza Mzee Zein kwa nini hakunionya. Halafu naona haya, kwa sababu marehemu alinifundisha mbao, na mimi ndiye niliyemlazimisha kwenye bati.

Lakini lingekuwa boti tu, kaka, ningekuomba radhi na kunyamaza. Ni mama.

Kwenye simu hukwambia macho yanasumbua kidogo. Si kidogo. La kushoto limekwisha kufunga. La kulia huona kivuli cha mtu mlangoni, lakini uso hauoni. Daktari wa macho kule Kilifi alisema tangu mwezi wa nane kwamba afanyiwe upasuaji haraka, na kila mwezi akikaa kinachoweza kuokolewa kinapungua. Amepangiwa siku mara mbili, na mara zote mbili amekataa kupanda gari. Nimembembeleza, Everlyne amelia, mchungaji amekuja na Biblia yake akarudi nayo. Jibu ni lilelile: "Nifunguliwe macho nimwone nani? Jefwa aje kwanza. Siku nitakayofunguliwa kitambaa nataka nimwone yeye."

Na Jefwa atakuja lini? Boti likiisha. Umeona tulipofika?

Nami, badala ya kusema kweli, nikadanganya miezi mitatu. Akiniuliza boti limefika wapi, nasema imebaki rangi. Asubuhi nilikuwa natoka na nyundo, nikigonga bati tupu ili asikie kazi inaendelea. Hebu niwazie, mtu na mvi zake, amesimama chini ya mkorosho anagonga hewa ili kumdanganya kipofu. Nikichoka naenda kukaa nyuma ya choo hadi mchana.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, mama hakuingia ndani. Alishika fimbo yake, akaenda mwenyewe hadi kwenye boti, akaanza kulipapasa kutoka mbele kwenda nyuma. Mimi nilikuwa barazani, namtazama. Kidole chake kikaingia kwenye tundu. Akalizunguka, akatafuta jingine, akalipata, akatafuta jingine. Kisha akaniita bila kugeuka: "Karisa, mbona hili lina tetekuwanga?"

Nikaenda nikampigia magoti, nikamweleza yote, shaba na mafuta na miezi niliyoliacha majini. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Alijifuta mikono kwenye leso, halafu akasema polepole: "Usimwambie Jefwa. Akijua limekufa, hana tena cha kumleta. Mwache aje. Akifika ataliona, na atakuwa ameshafika."

Kaka, nililia kama mtoto. Sikulia hivyo kwenye kaburi la baba. Mama aliyetuzaa, katika uzee huu, anapanga kumtega mwanawe kama anavyotegwa kwale.

Nilimwahidi kwamba sitakwambia, na sasa nimeivunja ahadi. Atakapojua sijui nitamtazama vipi, ingawa yeye hataniona. Nimeivunja kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba hii tumeficha vya kutosha. Na kwa sababu nyingine, ambayo naogopa kuiandika, maana wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukujibu tangu tulipokuwa tunalala mkeka mmoja. Zamani zilikuwa karatasi zako za ukaazi. Zilipotoka, ikawa kazi. Kazi ilipotulia, likaja boti. Kila mwaka kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki, na mimi mpumbavu nikadhani nikikimaliza hicho kimoja utakuja. Pengine ungekuja kweli. Usiku na mchana najilaumu kwamba pengine ungekuja, na nimeuharibu ukweli wako kwa nyundo. Na kuna saa nyingine naona kwamba hata ningelitengeneza likawa la dhahabu, ungekumbuka kwamba halina injini.

Ukinikasirikia una haki. Lakini usiinunue ile injini uliyosema unaitafuta, haina pa kukaa. Na usinitumie mtu wa kulitazama boti. Menza ndiye hodari wao, naye ameshalizika.

Kwa hiyo sina tena cha kukuvutia nacho. Hakuna boti Desemba hii wala Desemba yoyote. Hospitali imemwandikia mama siku kwa mara ya tatu, tarehe kumi na tisa Novemba, na daktari amesema hii akiikosa wasimsumbue tena. Akiamka asubuhi ile na wewe hupo, hatapanda gari, namjua.

Na wale samaki uliomwahidi mbele ya watu, mama hali samaki tena. Tangu mwaka jana tumbo linawakataa, anakula sima na mchicha, basi. Alinikanya nisikwambie hilo pia, kwa sababu wewe ulisema utakuja kumvulia samaki, na hataki uone kwamba huna cha kuja kumfanyia.

Everlyne anakusalimu, na Mwaringa na watu wa kwake, na shangazi Pamela, ambaye bado anadai ulimwahidi kilemba. Nisalimie sana shemeji Janet. Binti yetu mwambie ana baba mdogo huku, fundi wa zamani. Mungu aliyekuvusha maji hayo yote ukienda, akuvushe ukirudi, na akujalie afya.

Wako akupendaye, ujapochukia,
mdogo wako,
Karisa