Maua ya Chuma Kwenye Uzio wa Bwawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usishangae, maana kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa: tangu watu waanze kuunganisha chuma kwa moto hajatokea fundi kama mimi, mashine ya kuchomelea ikisikia hatua zangu inajiwasha yenyewe, na mageti ya mtaa mzima yananisalimia nikipita. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, sikumbuki vizuri, lakini mtaani wananiita Cheche na kila mtu anajua kwa nini.

Sasa, ninaye dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa analea watoto kwenye nyumba moja yenye bwawa la kuogelea, na mwenye nyumba alipotaka bwawa lizungushiwe uzio dada akamwambia, "Bosi, mdogo wangu ni fundi. Mdomo anao, lakini na mkono anao," ndivyo nilivyopata kazi kubwa kuliko zote, nami nikaifanya kwa moyo, uzio unafika kifuani, nondo zimesimama wima na kubanana hata paka anajiuliza mara mbili, geti linafungukia nje na kujifunga lenyewe kwa springi, komeo liko juu ambako mkono wa mtoto haufiki, yote kama sheria ya manispaa inavyotaka, halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza maua ya chuma, safu ya chini na safu ya juu, upande wa nje ili wageni wayaone.

Mkaguzi wa manispaa akaja, mzee mmoja asiyecheka, ukuta wa mbele wa nyumba hiyohiyo aliwahi kuupunguza kwa kuzidi kimo. Akainama akayatazama maua yangu, mwenye nyumba amesimama kando.

"Haya ni ya nini, kijana?"

"Urembo, mzee. Huu dukani hauupati."

"Mtoto hajui urembo. Anajua ngazi. Yatoe ndipo nipitishe."

Nikayatoa roho inaniuma, akapitisha, akaenda zake, uzio ukabaki kama wa mahabusu. Mwenye nyumba akauangalia akasema, "Mbona umekuwa mkavu hivi?" nikamwuliza, "Niyarudishe?" akasema, "Wewe ndiye fundi," na mshauri, kuniambia mimi hivyo ni kunimwagia petroli, jua halijageuka maua yalikuwa yamerudi mahali pake, nimeyapaka rangi ya dhahabu, nimepiga picha, nimemtumia kila mwenye simu ninayemjua. Dada akaniuliza, "Si yule mzee aliyakataa haya?" nikamjibu, "Dada, yule anajua karatasi, mimi najua chuma," akacheka, maana mimi huwa namchekesha.

Basi mchana mmoja dada alikuwa anaanika nguo, na mtoto wa mwisho wa nyumba ile, wa kike, hata shule hajaanza, anacheza mpira nyuma yake, mpira ukavuka uzio, dada hakuona, alikuwa anahangaika na mashuka, mara akasikia maji. Dada hajui kuogelea. Alifungua geti akaruka na viatu vyake, maji yakamfika kidevuni, akamtoa mtoto, mtoto akatapika maji, akalia, na sijawahi kusikia kilio kilichofurahisha watu kama kile. Halafu mama mtoto akaanza.

"Uliacha geti wazi!"

"Mama, lilikuwa limefungwa."

"Kwa hiyo mwanangu ameruka uzio? Ana mabawa?"

Wakanipigia simu nikague geti, nikaja natembea kifua mbele, nikalifungua mpaka mwisho, nikaliachia, likarudi kah! komeo likashika, nikarudia ili waone vizuri, nikasema, "Bosi, kazi ya Cheche haina mchezo. Geti hili halibaki wazi mpaka mtu aliwekee kitu." Mama mtoto akamgeukia dada: "Kumbe uliliwekea ndoo upitishe nguo zako!" Dada, maji bado yanamchuruzika, alikuwa ananiangalia mimi.

Aliondoka siku ileile na begi lake, na sasa hakuna nyumba inayomkabidhi mtoto, kila anakobisha hodi habari imeshatangulia. Nikienda kwa mama mdogo, alikorudi, dada ananiuliza kama nimekula, basi, utani wangu wote unaanguka chini kama misumari. Maua bado yapo palepale yanang'aa, na watu wawili wamepiga simu wanataka kama yale. Naomba uniambie nifanye nini dada yangu acheke tena.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini siku ile, nilipokuwa nalifungua lile geti, niliona ua la safu ya juu lina tope, alama ya unyayo mdogo, vidole vyote vinaonekana. Watu wote walikuwa wanaangalia geti. Nikaegemea pale kama mtu anayejivunia kazi yake, nikaifuta kwa kiganja.

Cheche

*

Mwanangu Cheche,

Barua yako sikuipanga foleni. Ungeandika nyumba iko wapi ningekuwa nimeshawapigia wenyewe, maana umejaza kurasa kwa habari za kicheko cha dada yako, na katikati, kama jambo dogo tu, ukasema maua bado yapo. Mtoto yuleyule bado anaishi pale, na ngazi uliyomjengea anaijua tayari.

Kwa hiyo weka gazeti hili chini, chukua grinda, nenda ukayakate. Utanisoma ukirudi.

Umerudi? Haya. Kuweka maua ni ujinga wa ujana, na mwenye nyumba naye ana fungu lake, alimsikia mkaguzi kama wewe. Lakini kiganja kile ni chako peke yako. Dada yako alijitosa kwenye maji asiyoyaweza. Wewe ulisimama pakavu ukashindwa kusema neno moja. Alipokuangalia alikuwa anakungoja, na nadhani mpaka leo anakungoja anapokuuliza kama umekula.

Nakuhurumia, maana najua hulali vizuri. Nawe mhurumie dada yako, ila kwa vitendo. Waite mwenye nyumba na mama mtoto pale getini, na dada yako awepo kama atakubali. Sema kwa sauti ileile uliyojisifia nayo: mtoto alipanda maua yangu, niliona unyayo, nikaufuta. Usilie wakakubembeleza, usijitetee kwamba mkaguzi aliupitisha uzio, usiseme "bosi aliniambia". Kisha pita kwenye kila nyumba iliyomkataa dada yako, bisha hodi, urudie maneno hayohayo. Wale wawili waliopiga simu waambie maua hayo hayawekwi kwenye uzio wa bwawa, na uwaeleze kwa nini.

Kazi yake pengine hatairudia. Kicheko chake siwezi kukuahidi. Hicho ni chake, atakitoa akipenda.

Na mwenye nyumba akilalamika kwamba uzio umebaki mkavu, mwambie ndivyo unavyotakiwa uwe. Ukimaliza kuyakata, Cheche, usipige picha.