Mduara Tusiokuwa Nao

Inatangazwa kwa umma kwamba kuanzia leo, Jumatano ya joto lisilo na upepo, steshenari yangu hapa Kilwa Masoko haitachora tena mduara wenye maandishi yanayozunguka ukingo. Mraba tunachora. Hata moyo, kwa wenye harusi.

Chanzo ni Mzee Saidi wa Likawage. Wiki iliyopita alikuja na bintiye Somoe, aliyemaliza chuo kikuu mwaka huu. Wanaandaa dua ya shukrani, akataka kadi za mwaliko, na juu ya kila kadi muhuri wa chuo.

Somoe akamwambia kwa upole kwamba haifai. Muhuri ule ni wa vyeti na hati za chuo tu. Akionekana anaugawa pamoja na pilau, ataitwa ajieleze.

Mzee akanigeukia mimi, akajieleza. Kijijini wanasema binti yake alifukuzwa chuo, ndiyo maana yuko shambani anapalilia mikorosho. Na huku kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga.

Nikajitia mwalimu. Nikamwonyesha muhuri wenyewe kwenye kompyuta: kitabu ni maarifa, mwenge ni kuangaza jamii. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kitabu tunacho. Moto tunao. Tusichokuwa nacho ni huo mduara."

Nikaifunga picha ya muhuri.

Wiki nzima nimetafuta jibu la kumpa. Nilidhani maana ya muhuri imo kwenye picha zake, kumbe imo katika wingi wa watu wasioruhusiwa kuugonga. Ukigongwa na kila mtu, unabaki doa la wino. Hilo nalijua. Lakini yule baba hakuja kutafuta maana, alikuja kumtetea mwanawe, na mimi nikampa somo.

Nilikataa kumchorea muhuri. Nikamchapia kadi zenye maua. Aliondoka bila kuaga, na mtu wa huku haachi kuaga kwa bahati mbaya.

Leo Somoe kanipigia. Shughuli ilijaa. Hata waliokuwa wakisema alifukuzwa walikula, wakamwita msomi wetu. Nikavimba kichwa kidogo, nikauliza kama ni maua yangu. Akacheka. Baba yake alizipeleka kadi zote kwa mtendaji wa kijiji, zikagongwa muhuri wa kijiji, moja moja, katikati ya maua. Baada ya hapo nani abishe?

Nikamuuliza kama mtendaji alikikagua cheti kwanza.

Akasema cheti bado hakijatoka.