Aliyesema Unanisalimu

Dada Mwanaidi,

Kuna mtu ameniambia u mzima. Ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka ile akaunti uliyonifungulia kwenye mtandao wa kikazi, tumekaa barazani kwa mama kule Kimamba? Ulinipiga picha nimevaa aproni yako, ukaandika "mpishi", ukasema, "Mdogo wangu, siku hizi kazi haziji kwa kupiga hodi." Nilikuamini. Tangu tukuzike nimekuwa nikiifungua kila siku. Humo watu wanapeana hongera tu. Hata wewe. Juzi nimeambiwa nikupongeze kwa kutimiza mwaka mwingine kazini, na wengine walishakupongeza. Hakuna hata mmoja wao niliyemwona msibani.

Kisha akaniandikia mtu anayejiita ofisa ajira wa hoteli mpya ya Mikumi. Eti wewe ndiye uliyenipendekeza, eti mliongea wiki iliyopita. Alitaka picha ya kitambulisho changu na vyeti vyote. Nikamuuliza, "Anaendeleaje?"

Akajibu, "Yuko vizuri sana, anakusalimu."

Nililia. Kwa muda mfupi nilitamani iwe kweli. Nilipomsomea mama, akauliza, "Anasalimu kutoka wapi?"

Yule mtu sikumjibu tena. Kesho yake nilipanda gari mpaka Mikumi, nikaenda moja kwa moja kwenye hoteli uliyofanyia kazi. Nilimwamkia mpishi mkuu, yule mzee uliyekuwa ukimsifia mchuzi wake. "Marahaba," akasema, akaniangalia sana. "Wewe si mdogo wake Mwanaidi? Mbona umechelewa hivi kuja?" Akaniambia nipike wali aonje. Jumatatu nikaanza kazi.

Hiyo hoteli mpya hakuna anayeijua. Nikawauliza wenzangu jikoni nani alipata kazi kupitia mtandao ule. Hata mmoja hakuna.

Sasa nimeomba ukurasa wako ufungwe, na wenye mtandao wanataka kwanza cheti chako cha kifo. Nasita. Sijui nani anakipokea huko, wala atakifanyia nini. Lakini kukuacha humo, watu wakikulisha maneno, siwezi. Nitakituma, na nitafuatilia mpaka jina lako litoke.

Pumzika, dada yangu. Mungu akurehemu. Nikipata siku yangu ya mapumziko nitakuja kupalilia kaburi lako. Mvua zimenyesha, majani yameanza kuota.

Mdogo wako,
Zuhura