Seli Zilizomwaga Bila Kuchokozwa

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu za dadako. Mimi ni mzima wa afya, na wiki hii nalala fofofo, maana usingizi ulikuwa umenipiga chenga kweli. Natumaini nyote hamjambo: wewe, wifi, na mtoto wetu Kipipi.

Nina habari njema. Unakumbuka nilivyokueleza kuhusu mzio wa Kipipi: ngozini na kooni mwake kuna seli zilizojaa kemikali za kuwasha na kuvimbisha. Karanga ikiingia, protini ndani ya seli hupokezana ujumbe, hii ikiipa ile, mpaka seli inamwaga kila kitu. Lakini ipo protini moja ambayo kazi yake ni kuukata ujumbe huo njiani. Hiyo ndiyo ninayoichunguza.

Kwa miezi miwili seli zangu zilimwaga karibu katika kila kisahani, hata kile nisichokitia kichokozi chochote. Nilikata tamaa. Juzi mkuu wetu wa maabara, tunayemwita Mama Taratibu, alivuta kiti akaniambia nifanye kazi yeye akitazama mikono yangu tu. Hazikupita dakika tano akacheka. Alisema naosha seli kama anayesugua sufuria iliyoungua. Kumbe ukizivuta na kuzisukuma kwa nguvu kwenye pipeti, kile kibomba chembamba cha kunyonyea maji, seli hizi humwaga zenyewe, bila ujumbe wowote. Nami nilikuwa nazikamua mpaka tone la mwisho, maana unajua mama alivyotulea: marufuku kubakiza kitu chomboni.

Jana nilizishika kama yai. Kisahani kisicho na kichokozi kilitulia. Kilichotiwa karanga peke yake kilimwaga. Kile nilichoongeza protini ya kuzuia nilikitia kichokozi cha karanga, nacho kikatulia pia. Kaka, nililia mbele za watu bila haya.

Sasa nikuambie lile linalonichoma. Barua iliyopita nilikuandikia kwamba tumeshafaulu. Nilikudanganya. Visahani vitatu kati ya arobaini ndivyo vilivyonipendeza. Vingine nilivifuta kwenye ripoti, kwa sababu mtoto alikuwa ameuliza lini atakula keki na wenzake. Kisha wifi akaniandikia kwa furaha kwamba siku hizi sindano ya dharura mnaiacha nyumbani. Nilimpigia simu hapo hapo, nikamwambia airudishe mkobani, bila kusema kwa nini. Halafu nikaenda kumwungamia Mama Taratibu kabla ripoti haijatoka. Nilijua nafukuzwa. Ndipo alipovuta kile kiti.

Tumefaulu kwenye kisahani, kaka, si kwenye koo la mtoto. Dawa bado iko mbali. Sindano isitoke mkobani hata siku moja. Nisamehe; usipoweza leo, nitangoja.

Msalimie wifi, na umbusu Kipipi kwa niaba ya shangazi yake.

Ni mimi dadako,
na safari hii unaweza kuniamini.