Karibu Yako Ndiyo Iliyotuponza

Baba,

Shikamoo. Mama amefariki leo, jua likichomoza. Nakuandikia wanawake wakiwa ndani wanamwosha, na mume wangu yuko barazani anakata amerikani ya sanda. Ulikuwa ukimcheka huyu mshona nguo wangu wa kutoka pwani, ati badala ya kukuletea ng'ombe alimletea binti yako kalamu. Leo kalamu hiyo ndiyo inayonizuia nisipige mtu.

Maana nataka kupiga mtu, baba. Kuwili katoka hapa sasa hivi. Ni yule yule mkalimani wa boma la Songea, ambaye Lusewa nzima tulimpa jina hilo kwa kuwa ni ndumilakuwili, huku anatuchekea na kule anatuuza kwa Wajerumani. Siku hizi wamemfanya akida. Sisi tumebaki mifupa, yeye shingo imejaa hata kola ya kanzu haifungi. Kaja msibani, kakaa kwenye mkeka wetu na viatu vyake, pole hakutoa.

"Mama yako alitaka kuzikwa kwa mumewe, sivyo?" akaniambia. "Basi njoo bomani useme kwamba baba yako alilitoa lile shamba kwa hiari yake. Ukishasema, mtamzika mnapotaka."

Kumbe kuna bwana mkubwa mpya bomani, na ameanza kuuliza yule mzungu wa pamba alilipataje shamba letu la mtoni. Kuwili anatafuta mtu wa kumjibia. Kanitafuta mimi, na maiti ya mama haijapoa.

Nami nikaikumbuka ile siku. Tulikuwa tumeshavuna ulezi. Mzungu akafika na Kuwili nyuma yake, wewe ukamtolea kigoda chako, ukanituma togwa. Kisha ukamwambia maneno uliyomwambia kila aliyekanyaga kwetu, hata yule mwizi wa mbuzi kabla hatujamjua: "Karibu mgeni wetu, hapa ni kwako." Kuwili akayageuza kwa Kijerumani. Alivyoyageuza sijui, ila mzungu aliacha kunywa, akasimama, akalitazama shamba lote mpaka mtoni, halafu akakupa mkono. Ukafurahi. Jioni ulimwambia mama kwamba wazungu wana adabu kuliko tulivyosikia.

Mvua za kwanza ziliponyesha tukakuta vigingi vyake shambani.

Nimekukasirikia sana kwa ile karibu, acha niseme, leo nasema yote. Watu wa kwao mume wangu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako huyu ya tatu alikunyang'anya jembe. Nilikuwa nikipita kwenye vile vigingi na kukulaani wewe kabla yake, kwa adabu zako, kwa kigoda chako, kwa kudhani kila mtu ana moyo kama wako.

Lakini ulikwenda. "Nilimkaribisha kukaa, sikumkaribisha kuhamia," ulisema, ukatia jembe begani. Watu wakakufuata, wake kwa waume, wote na majembe, na aliyekuja na mkuki ulimrudisha nyumbani akauweke. Tukavuka vigingi, tukaanza kulima kama watu wanaolima kwao. Mama alikuwa ubavuni mwako, anakugombeza kwamba unalima juu juu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoyasikia kwake, na najua yalikuchekesha, maana nilikuona mabega yakitikisika.

Askari walitoka bomani na Kuwili mbele yao. Akapaza sauti tuondoke. Hukuinua hata kichwa. Basi wakapiga risasi, baba, wakawapiga watu walioinama. Wewe na wenzako mlioanguka, walitwambia tuwafukie hapo hapo upesi. Bomani wakasema majembe yalikuwa silaha.

Ulipoondoka, vijana walikwenda kunywa maji ya vita, wakaaminishwa kwamba risasi zitageuka maji. Mimi nilikuwa nimeziona risasi zinavyofanya, sikuamini, ila sikumzuia mtu. Ungewazuiaje watu waliokwisha kuuawa na jembe mkononi? Wakafa wengi. Kisha askari wakachoma nyumba, wakachoma ghala, wakachoma ulezi ukiwa shambani, wakatuachia njaa itumalize yenyewe. Tukachimba mizizi porini. Mama alinisukumia fungu lake na kusema ameshiba, mwongo mkubwa yule. Mzungu alikuwa amekimbilia pwani. Vita vilipokwisha akarudi na vigingi vipya, na pamba yake imelizunguka kaburi lako pande zote kwa sababu vibarua wamekataa kulilima.

Jana mama aliniambia jambo moja tu. "Nipeleke kwa baba yako." Hakusema zaidi, na majirani waliokuwepo wakaieneza habari.

Kwa hiyo Kuwili alijua anachoniuzia. Niseme neno dogo tu, mama alale kwa mumewe bila fujo, na hakuna atakayepigwa. Ndani maji yalinyamaza, wanawake walikuwa wanasikiliza.

"Kwani baba yako hakusema hapa ni kwako?" akaniuliza.

"Alisema," nikamjibu. "Na wewe ulipofika mume wangu alikwambia karibu, hapa ni kwako. Mkeka huo ulioukalia sasa ni wako? Utaondoka nao?"

Akautazama mkeka, baba. Laiti ungeuona uso ule. Akainuka, akajipangusa kanzu, akasema askari watasimama kwenye vigingi na hawataulizia jeneza ni la nani. Mama mkwe wangu akamjibu kutoka ndani kwamba njia aliyojia bado ipo.

Sasa hivi ua umejaa watu. Sikuwaita wote hawa. Wengine hawajala tangu juzi, lakini wamekuja, na kila mmoja kaja na jembe lake. Mume wangu amenisihi tumzike hapa nyuma ya nyumba, anaogopa, nami naogopa, sikufichi. Huenda tusirudi sote. Lakini mama hawezi kuzikwa uani kana kwamba hana kwao.

Nakuahidi kwamba neno wanalolitaka hawatalipata kwangu, wakinifunga mnyororo au wakinipa shibe. Hukulitoa shamba. Ulimpa mtu kigoda na togwa. Na ile hasira niliyokuwa nayo juu yako imenitoka asubuhi hii, yote nimeihamishia kwa wenyewe wanaostahili.

Kwaheri, baba. Wanamtoa ndani. Ukisikia jembe ubavuni mwako usidhani ni watu wa pamba, ni sisi. Sogea kidogo, umpe mama nafasi.

Binti yako.