Johari, Uliyeutaja Wazi Ugonjwa wa Ukoo Wetu

Mwaka umezunguka, Johari, tangu ututoke ile Ijumaa ya Mei 1996, na bado hatujatulia.

Sokoni Singida wateja wako wanakuulizia hadi leo. Kila ulipofungua robota la mitumba, mashati meupe uliyaweka kando kwa ajili ya watoto wa shule, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Ulitembea haraka. Chai uliinywa umesimama.

Baba alifariki kwa saratani ya damu. Kaka Tamimu akafuata. Wewe ulipoanza kuvilia damu bila kugongwa, mtaa ukanong'ona kuwa ni ukimwi. Daktari kule Dodoma alikuuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mara nyingi ugonjwa huu haurithiwi. Lakini zipo koo chache ambazo watu huzaliwa na mwelekeo wake, na nadhani kwenu ni hivyo. Si wote watakaougua, ila muwe macho."

Kaka Anuari alitaka unyamaze.

"Dada, ukilitangaza hili, nani atamwoa Anifa?"

"Na nikinyamaza, nani atamwahisha hospitali?"

Wazee wa Rahimu walipoleta posa ya mdogo wetu Anifa, ulitoka chumbani umeshikiliwa na mama, ukawaamkia shikamoo, ukawaeleza yote. Waliondoka bila kumaliza chai. Anifa akakununia. Ulikuwa huli, kila hodi ukiinua kichwa.

Kisha Rahimu akaja peke yake. "Mimi nimeambiwa ukweli," alisema. "Wengine wanaoa bila kujua chochote." Ndoa yao uliishuhudia ukiwa kitini, umejifunika kanga.

Sasa Anifa ni mjamzito, na homa kidogo tu ya mtoto yeyote inatuinua wote. Mwezi uliopita mwanao Zabibu alitokwa damu puani, tukakimbia naye hospitali. Vipimo vilionyesha yuko salama. Tuliomba wapime tena, yuko salama. Lakini kabla ya hapo, muuguzi alipouliza kama kuna ugonjwa katika familia, sote tulitazama chini. Anuari ndiye aliyesimama, mbele ya benchi zima la wagonjwa, akasema kwa sauti, "Saratani ya damu. Baba yetu, kaka yetu, dada yetu Johari."

Unakumbukwa na mama yako Mwanaidi, mumeo Idrisa, mwanao Zabibu, kaka yako Anuari, mdogo wako Anifa, shemeji yako Rahimu, na majirani wote wa Unyambwa.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Maisha yetu yote tutakukumbuka, Johari.